Masini haijafa, mlango ndio umepotea: mafundi wa Bukavu waache kuformata ovyo

BUKAVU – Kwenye meza za mafundi wa kompyuta, toka Nyawera mpaka Kadutu, kuna neno moja linalosikika kila siku: kuformata. Mama anafika na kompyuta ndogo aliyoifunga ndani ya kitenge. Skrini ni nyeusi, ina maneno machache meupe, mara nyingi haya mawili: grub rescue. Fundi anaitazama muda wa kumeza mate tu. "Mama, hii masini imekufa. Tuformate tu." Mama hajui kuformata ni kitu gani, lakini anamwamini. "Ni sawa, mtoto wangu, ukiona ndiyo dawa yake." Saa mbili baadaye kompyuta inawaka, safi kama imetoka dukani. Mama analipa, anashukuru, anapanda teksi. Akifika nyumbani ndipo anaona kwamba ndani hamna kitu.

Kwa familia iliyotoka Minova, Kalehe au Goma na mabegi mawili, kompyuta hiyo si chombo cha anasa. Ndani yake kuna picha ya karatasi ya parseli iliyobaki nyuma, cheti cha ndoa, buletini za watoto, diploma ya kijana, picha za marehemu. Kuna kiongozi wa kundi la wakimbizi wa ndani aliyeandika humo majina ya wakuu wa familia, mmoja mmoja, pamoja na hesabu ya watoto na wagonjwa. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, wengine wakarudi, wengine wakahama mara ya pili na ya tatu. Katika hali hiyo, kutafuta nakala ya pili ya karatasi iliyopotea si kazi ya asubuhi moja. Kwa wengine ni kazi isiyowezekana kabisa, kwa sababu ofisi iliyoitoa iko upande mwingine wa mstari wa vita.

Na kinachouma zaidi ni hiki: mara nyingi kompyuta ile haikuwa imekufa. Picha zote zilikuwa ndani, orodha ilikuwa ndani, buletini zilikuwa ndani. Kilichopotea ni mlango. Fundi alivunja nyumba nzima kwa sababu hakuweza kupata mlango, kisha akalipwa kwa kazi ya kuvunja.

Msomaji asiyejua mambo ya kompyuta afikirie parseli kubwa yenye lango moja na zamu mmoja. Umeme ukiingia, kitu cha kwanza kuamka ni programu ndogo iliyowekwa kiwandani ndani ya kompyuta yenyewe, nje ya diski. Hiyo haijui mambo mengi. Inajua lango liko wapi, basi. Inamwamsha zamu. Zamu anafungua daftari lake na kusoma wakaaji wa parseli: huku anakaa Linux, kule anakaa Windows, mgeni anamtafuta nani? Mgeni akichagua, zamu anampeleka mpaka mlangoni, na kazi yake inaishia hapo. Kwenye kompyuta nyingi zenye Linux, zamu huyo anaitwa GRUB. Erich Boleyn alianza kumuandika mwaka 1995, na mwaka 1999 akaingia katika mradi wa GNU, ule unaotoa programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia, kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa.

Sasa, daftari la zamu halijiandiki lenyewe. Kuna programu nyingine inayolitayarisha. Jina lake ni grub-mkconfig, na kwenye Ubuntu, Debian na Mint watu wanaiita kwa jina fupi la update-grub. Inasoma matakwa ya mwenye nyumba katika faili la /etc/default/grub, inatuma msaidizi wake, os-prober, apige hodi kwenye kila sehemu ya diski aone nani anakaa humo, kisha inaandika daftari jipya. Juu kabisa ya daftari hilo inaandikwa onyo kwamba mtu asilirekebishe kwa mkono. Fundi anayelirekebisha kwa mkono leo, kesho update-grub ikipita kazi yake yote inafutwa, na mteja anarudi mezani akiwa na hasira.

Chombo hiki kidogo cha kuandika daftari ndicho kinachoamua kama mama wa Nyawera ataona faili zake au hataziona. Hakina sura nzuri. Hakionekani hata kimoja siku ambayo mambo yako sawa. Ndiyo maana hakuna anayekizungumzia.

Mwezi wa 6 mwaka 2021, toleo la 2.06 la GRUB lilitoka. Watunzaji wake waliamua kwamba kuanzia hapo msaidizi asipige tena hodi, ila mwenye nyumba mwenyewe akimtuma. Sababu yao ilikuwa ya usalama: kufungua kila sehemu ya diski kwa nguvu za msimamizi, hata diski iliyoletwa na mtu asiyejulikana, ni kumkaribisha mwizi. Sababu hiyo ni ya maana. Lakini tazama ilivyofika chini. Mwanafunzi mwenye Windows na Linux katika kompyuta moja anaweka toleo jipya la Ubuntu, anawasha tena, Windows haimo katika orodha. Mpangaji yuko chumbani kwake, amelala. Zamu anasoma daftari na kujibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo hapa. Dawa ya ugonjwa huo ni mstari mmoja, GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, unaoandikwa katika faili la matakwa, kisha update-grub. Dakika tano. Mwanafunzi asiyejua mstari huo anapeleka kompyuta mezani, na mezani jibu linajulikana.

Haikuwa mara ya kwanza mlango kuharibiwa na watu waliokuwa wanautengeneza. Tarehe 29 Julai 2020 kampuni ya Eclypsium ilitangaza tundu kubwa ndani ya GRUB, wakaliita BootHole. Ilibidi lizibwe haraka. Red Hat ikatoa dawa, na baadhi ya kompyuta zilizoipokea zikakataa kuwaka. Tarehe 13 Agosti 2024 ikawa zamu ya Microsoft: sasisho la Windows lililokusudiwa kuzuia programu za zamani za kuwashia zenye matundu lilipaswa kuziruka kompyuta zenye Linux pia. Halikuziruka zote. Watu waliwasha, wakaona maneno kwamba ukaguzi umeshindwa, kisha kompyuta ikajizima. Ilipita miezi 9 kabla ya Microsoft kutoa suluhisho la kudumu, Mei 2025. Wenye kompyuta hizo hawakuwa wamekosa lolote. Waliwasha tu.

Bukavu inaongeza sababu yake yenyewe, nayo ni umeme. Mji huu uko jirani na mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II, lakini kukatika kwa umeme watu wanakujua vizuri kuliko kuwaka kwake. Kompyuta za mkono wa pili zinafika na betri iliyochoka, zinategemea waya tu. Umeme ukikatika wakati sasisho liko katikati, daftari linabaki nusu, au zamu mwenyewe anabaki nusu. Kuna na sababu ya nyumbani: kaka mdogo amefungua Windows, ameona sehemu ya diski asiyoijua, ameifuta apate nafasi ya filamu. Sehemu ile ndiyo ilikuwa chumba cha zamu. Ukiwasha tena, ni grub rescue. Faili za Windows hazikuguswa hata moja, lakini hakuna wa kuelekeza njia.

Hata mwenye Windows peke yake hajaokoka. Yeye naye ana zamu na daftari, tofauti ni jina tu. Daftari lake linaitwa BCD, na Windows yenyewe ina amri ya kuliandika upya, bcdboot. Ukitazama mezani, hali hiyo nayo inatibiwa kwa dawa ile ile ya kufuta kila kitu.

Basi fundi mwaminifu angefanya nini? Jambo la kwanza hata halihitaji akili nyingi. Angekuwa na flashi moja ya gigabaiti 8 yenye Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Flashi hiyo inatengenezwa mara moja, inatumika mwaka mzima, wala haili megabaiti za mteja. Anawasha kompyuta kupitia flashi, anafungua diski, anamwita mwenye masini: "Mama, faili zako ni hizi?" Anazikopia kwanza mahali pengine. Baada ya hapo ndipo anarudisha zamu kwa amri ya grub-install, anaandika daftari kwa update-grub, anawasha. Na ikiwa Windows imejiweka mbele ya foleni na kumficha Linux, kuna programu inayoitwa efibootmgr inayobadilisha mpangilio wa foleni hiyo bila kufuta chochote. Mikononi mwa anayejua, kazi yote ya mlango haimalizi nusu saa. Kukopia ndiko kunakochukua muda.

Mafundi wana utetezi wao, na ni haki usikilizwe. Wanasema mteja anataka masini leo, si kesho. Wanasema kuna diski zilizooza kweli, zinazopiga kelele kama saa mbovu, na hapo mlango si tatizo tena. Ni kweli. Wanasema pia kuna Windows iliyofungwa kwa BitLocker, ambayo ukigusa mpangilio wa kuwasha inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na mteja hajawahi kuuona ufunguo huo maishani mwake. Hiyo nayo ni kweli, na ni hatari kubwa kuliko watu wanavyofikiri: bila ufunguo, hata fundi bora wa Nairobi hawezi kufungua. Mwenye Windows mpya afadhali autafute ufunguo huo leo, wakati kompyuta ingali inawaka, auandike kwenye karatasi, karatasi aiweke mbali na kompyuta.

Lakini hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayomruhusu mtu kuformata kabla ya kutazama. Diski iliyooza inajulikana kwa kuitazama. BitLocker inajulikana kwa kuitazama. Daktari wa Panzi hakati mguu wa mgonjwa aliyefika akilalamika kwamba kiatu kinambana. Na haraka ya mteja ni haraka ya mtu ambaye hajaambiwa ukweli. Aambiwe: "Mama, nikiformata sasa, picha zote zinaenda. Ukingoja mpaka kesho, huenda tukaziokoa." Ni mama gani wa Bagira angejibu kwamba zifutwe tu?

Ukweli mchungu ni kwamba kuformata kunalipa. Hakuhitaji kujua ugonjwa. Kijana aliyejifunza wiki mbili anaweza kuformata, na bei yake haishuki. Zaidi ya hayo, anayeweka Windows ya kunakili anaweka na virusi vyake, kwa hiyo mteja atarudi. Soko zima limesimama juu ya kutojua kwa mteja. Wapo mafundi wazuri, na wenye masini wanawajua kwa majina na meza zao, lakini wanafanya kazi bei ile ile na wale wanaobomoa, na hakuna anayewalipa kwa yale waliyookoa.

Mambo haya yamekuwa mazito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai kompyuta yenye kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani; kwa Intel, kwa jumla ni zile zilizotoka kuanzia mwisho wa 2017. Kompyuta zinazouzwa mkono wa pili mjini, zile zilizozeeka katika ofisi za Ulaya na Dubai kabla ya kufika hapa, nyingi ni za kabla ya hapo. Mwenye kompyuta ya namna hiyo ana njia chache: aendelee na Windows isiyozibwa matundu yake, au aweke Linux peke yake, au aweke zote mbili upande kwa upande. Wengi watachagua zote mbili, kwa sababu mtu haachi nyumba anayoijua kwa siku moja. Kwa hiyo miaka inayokuja ni miaka ya kompyuta zenye wapangaji wawili na zamu mmoja. Daftari la zamu litaharibika mara nyingi kuliko zamani. Kama mezani jibu linabaki kuformata, hasara nayo itaongezeka.

Na hapa lawama haiishii mezani. Inapanda mlima mpaka kwenye vyuo.

Wanaotunza programu hizi za mlango duniani ni watu wachache mno. Efibootmgr ilianzishwa na Matt Domsch alipokuwa kwa kampuni ya Dell, ikapita mikononi mwa Peter Jones wa Red Hat. rEFInd, zamu mwingine anayependwa na wenye kompyuta za Apple, kwa miaka mingi imebebwa na mtu mmoja, Roderick Smith, aliyeirithi kutoka kwa rEFIt baada ya mtunzaji wake kuiacha. LILO, zamu wa Linux aliyetumika kabla ya GRUB, ilifika mwisho wa maendeleo yake Desemba 2015. Mtunzaji wa mwisho alitangaza hivyo na kuwaalika wengine waendelee wakitaka. Hivi ndivyo chombo kinavyokufa. Hakipigwi bomu. Mtu mmoja anachoka, jirani yake haji.

Kuna na kifo kibaya kuliko hicho. Mwezi Machi 2024 dunia ilijua kwamba xz, programu ndogo ya kubana faili iliyomo karibu katika kila Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Mtunzaji wake, Lasse Collin, alikuwa peke yake na amechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan akaja kumsaidia, akafanya kazi kwa utulivu kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, kisha akaweka sumu. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aligundua kwa sababu tu alishangaa kuona kuingia kwenye masini kunachelewa nusu sekunde. Mahali ambapo majirani wema hawaji kusaidia, jirani mbaya anapata kiti.

Watu wa Bukavu wataanza kuuliza: hayo ya Finland na Marekani yanatuhusu nini? Yanahusu sana. Ndani ya kila kompyuta kuna risasi ya kuunganishia nyaya iliyotengenezwa kwa bati, na kuna vifaa vidogo vya tantalumu. Kasiteriti ya bati inachimbwa Nyabibwe, pale Kalehe. Koltani ya tantalumu inachimbwa Rubaya, kule Masisi. Watu wa mkoa huu wanachangia kompyuta kwa mgongo, na kwa damu. Kwa akili bado hawajachangia sana, na si kwa sababu hawana akili. Vyuo vya Bukavu vimejaa wanafunzi wa informatiki. Kila mwaka wanaandika kazi za mwisho wa masomo, na mada zinafanana kama mayai: mfumo wa kusimamia stoku ya duka la dawa, mfumo wa kusimamia ada ya shule, mfumo wa kusimamia hospitali. Mfumo unaonyeshwa mbele ya walimu siku moja, mwanafunzi anapewa alama, familia inapiga makofi na kunywa, na mfumo hauonekani tena. Ni mwalimu gani amewahi kumpa mwanafunzi mada ya kutunza kitu ambacho tayari kipo na kinatumiwa na watu?

Afrika Mashariki ilikwisha kupita njia hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye Kiswahili kitupu. Ilikuwa kazi ya fahari na ilistahili sifa zote. Lakini programu inabadilika kila mwaka, na tafsiri isiyofuata inabaki nyuma kama mtu aliyeshuka kwenye basi njiani. Leo ukizunguka meza zote za mafundi wa Bukavu, tafuta moja tu inayoitumia.

Kutunza chombo cha kuandika daftari la zamu hakuanzi kwa kuandika programu. Kunaanza kwa kujaribu. Watunzaji wa Ulaya na Marekani hawana masini kama zilizopo hapa: Toshiba ya zamani ambayo betri yake haikai dakika tatu, HP iliyobadilishwa diski mara mbili, Dell ya ofisi iliyokuja na neno la siri kwenye programu yake ya kuwashia. Hawajui umeme wa hapa unakatika namna gani. Kijana wa Bukavu akiweka toleo jipya kabla halijatolewa rasmi, akaona daftari limeharibika, akaandika sawasawa ni masini gani, ni toleo gani, alifanya nini na aliona nini, amefanya kazi ambayo mtunzaji hawezi kuifanya peke yake hata akikesha. Debian na Ubuntu wana mahali pa kupokea ripoti za namna hiyo, na Kifaransa kidogo na Kiingereza cha shule vinatosha. Baadaye ndipo kuna kusahihisha mistari ya programu yenyewe. Sehemu kubwa ya grub-mkconfig imeandikwa kwa lugha ya shell, ile ile inayofundishwa darasani. Hakuna uchawi ndani.

Kando kidogo: jina Ubuntu wengi hapa wanalitamka kama chapa ya kigeni, kumbe familia zilizokaa Burundi zinalijua vizuri. Kwa Kirundi, na kwa Kinyarwanda pia, kitu cha "ku buntu" ni kitu cha bure. Lakini hakuna cha bure ambacho hakuna mtu aliyekitolea jasho.

Mashirika yanayogawa kompyuta nayo yana dhambi yao. Wanaleta masini 20 shuleni au kwenye kituo cha vijana, wanapiga picha, wanaondoka. Neno la siri la programu ya kuwashia limebaki na fundi wa makao makuu. Siku zamu anapoanguka, hakuna anayeweza hata kuwasha kwa flashi, maana lango lenyewe linadai neno la siri. Zawadi ya namna hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe si shule. Kila masini inayogawiwa ingepaswa kufika na karatasi moja: neno la siri la kuwashia ni hili, diski imegawanywa hivi, ikikataa kuwaka anza hapa. Karatasi moja haigharimu hata senti kumi.

Redio za jamii ziko katika shimo hilo hilo. Mara nyingi kompyuta ya kuhariri sauti ni moja, na ndani yake kuna sauti za wazee wanaosimulia 1996, za akina mama waliokuwa mjini Juni 2004 Bukavu ilipotekwa na waasi, za watu waliokimbia mwaka jana. Sauti hizo hazina nakala Kinshasa. Fundi akisema tuformate, anazungumzia kumbukumbu ya mtaa mzima, na mara nyingi hajui.

Mwaka wa masomo ukifunguliwa, wanafunzi wa informatiki watapeleka mada zao kwa walimu. Mmoja wao, hata mmoja tu kwa kila chuo, apewe hii: achukue kompyuta kumi za zamani, aweke Linux na Windows upande kwa upande, akate umeme katikati ya sasisho mara kumi, aandike kinachotokea kwa daftari la zamu, apeleke ripoti kwa watunzaji, kisha atengeneze flashi ya uokoaji yenye maelezo ya Kiswahili ambayo fundi wa Kadutu anaweza kuisoma bila mkalimani. Mwalimu atakayemcheka kwamba mada ni ndogo, aletewe kompyuta yenye maneno grub rescue na aombwe aonyeshe mahali faili zilipo.

Na mama mwenye kitenge, wakati wote huo unasubiriwa, ana swali moja la kuuliza kabla ya kuiacha masini mezani: "Fundi, utanikopia faili zangu kwanza, nizione kwenye flashi yangu kwa macho yangu, ndipo uformate?" Fundi akijibu kwamba haiwezekani bila hata kuiwasha, kitenge kifungwe tena. Hatua kumi mbele kuna meza nyingine.